Kitufe cha bure: mshiriki kakosa udhibiti au kajiona mjinga tu?

Kuna kajaribio ka saikolojia ka siku nyingi, unakaa mbele ya kitufe na taa ya kijani, kila raundi unaamua ubonyeze au uache, taa inawaka au haiwaki, mwisho unaulizwa kuanzia 0 mpaka 100 we ulikuwa unaiendesha hiyo taa kiasi gani. Watafiti Alloy na Abramson ndo walikafanya maarufu 1979 kule Marekani, walikuta wanafunzi wenye dalili za sonona wanakadiria vizuri, wale wazima ndo wanajipa sifa za taa inayojiwakia yenyewe. Siku hizi kanafanywa kwenye kompyuta, na kukabadilisha ni kazi ya mistari michache ya programu. Sasa kama we ndo unakaandaa na unataka mshiriki ajione hana udhibiti, unabadilisha nini?

Njia ya kivivu ni kuchelewesha, mtu anabonyeza na taa inawaka baada ya sekunde kadhaa. Inafanya kazi kweli, Shanks na wenzake walionyesha 1989 kwamba kadri matokeo yanavyochelewa ndo watu wanavyozidi kuona kitufe chao hakihusiki. Ila mi nina wasiwasi nayo, maana mtu aliyezoea mashine nzito atasema tu kompyuta imestaki, atabonyeza mara kumi kumi kwa hasira, na we ukija kusoma data unadhani umepima kukosa udhibiti kumbe umepima kero.

Njia ya pili ni kumpa mtu fumbo halafu unamwambia "sahihi" au "umekosa" kwa kubahatisha, haijalishi kajibu nini. Whitson na Galinsky waliitumia 2008, wakasema watu waliofanyiwa hivyo wanaanza kuona picha kwenye vidoti ambavyo havina picha yoyote. Faida yake iko wazi, inamgusa mtu haswa, na udhibiti hana kabisa, hapo hujadanganya. Uongo uko kwenye neno "umekosa". Mtu akiambiwa amekosa, amekosa tena, hasemi sina udhibiti, anasema sina akili, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu van Elk na Lodder walivyorudia mambo haya kwa upana 2018 ile athari hawakuiona.

Na usijitetee kwamba mwishoni utamwambia ukweli yaishe. Ross, Lepper na Hubbard 1975 waliwapa watu alama za uongo kwenye kazi fulani, wakawaeleza waziwazi kwamba zile alama zilipangwa kabla, na bado waliopewa alama mbaya waliendelea kuamini hawawezi. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja kwako kutafuta maksi za ushiriki anaweza kuondoka na kitu ambacho hakuja nacho.

Mi naegemea njia ambazo hazimsemi mtu vibaya. Moja ni ya kuwaunganisha watu wawili wawili kama Hiroto na Seligman 1975, mmoja kitufe chake kinazima kelele kweli, mwenzake anasikia kelele ileile kwa muda uleule ila kitufe chake ni pambo. Hapo wote wamekula karaha sawa, tofauti iliyobaki ni udhibiti peke yake, na sijaona njia nyingine inayotenganisha hivi viwili kwa usafi huu. Ubaya wake unahitaji watu wengi, na yule wa kitufe cha pambo anaweza asishtuke kabisa, akaendelea kubonyeza akiamini anasaidia.

Hapo ndo napenda ujanja wa Matute wa 1996, aliwaambia washiriki wabonyeze kama nusu ya raundi tu, zingine waache. Anayebonyeza kila mara hajui kitu kingetokea vipi bila yeye, akiacha ndo anashangaa kelele inakata yenyewe, anagundua kitufe ni cha bure bila mtu kumwambia. Kuna atakayesema huo sio udhibiti kupungua, ni kuona vizuri tu, na hoja ina uzito, kama unataka kusoma mtu anapochanganyikiwa basi hii itakuwa baridi mno kwako.

Vyovyote utakavyochagua, usiulize tu ile ya 0 mpaka 100, ongeza na swali la pili, "unadhani ilikuwa hivyo kwa sababu gani?" Wakikujibu "kompyuta mbovu" au "mi hesabu siziwezi", programu yako haijafikia lengo bado.