Dodoma 1995: wajumbe walewale, mshindi mwingine

Julai 1995, hapa Dodoma, Mkutano Mkuu wa CCM ulipiga kura kumpata mgombea urais. Majina matatu yalikuwa yamevuka mchujo. Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459, Cleopa Msuya 336. Kwa kanuni tunayoitumia leo kumpata diwani, mbunge na hata Rais, shughuli ingeishia hapo: Kikwete kaongoza, Kikwete kapita. Lakini utaratibu wa chama ulidai zaidi ya nusu, na kura 534 kati ya 1,329 ni kama asilimia 40 tu. Msuya akatoka, wajumbe wakapiga upya. Mkapa 686, Kikwete 639.

Ukitoa duru ya kwanza kwenye ya pili, Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105. Jumla ni 332, karibu sawasawa na zile 336 za Msuya. Hata ukikubali kwamba wapo waliobadili mawazo katikati, picha iko wazi: walioamua nani aongoze nchi miaka kumi ni watu ambao mgombea wao alishika mkia. Kwa kanuni ya mwenye nyingi, sauti yao ingezikwa duru ya kwanza. Kikwete alisubiri hadi 2005, pale Chimwaga, alipopata kura 1,072 na duru ya pili haikuhitajika.

Na bado kuna hesabu ya tatu, inayonisumbua zaidi. Tuseme kila mjumbe angepanga majina yote matatu kwa kadiri anavyoyapenda, na robo tatu ya waliompa Kikwete na ya waliompa Mkapa wakamweka Msuya wa pili. Mkutanishe basi na kila mmoja peke yake. Dhidi ya Kikwete, Msuya anabeba zake 336 na robo tatu ya zile 459 za Mkapa. Dhidi ya Mkapa, anabeba zake na robo tatu ya zile 534 za Kikwete. Anawashinda wote wawili! Wa mwisho anakuwa wa kwanza, na hakuna kura hata moja iliyoibwa. Mfaransa Condorcet alilifikiria jambo hili tangu karne ya 18, akasema mshindi wa haki ni yule anayemshinda kila mwenzake wakikutana wawili wawili.

Kwa hiyo mtu akiniambia "wananchi wameamua", mimi nauliza kwanza: kwa kanuni ipi?

Swali hili linatuhusu sana. Katika uchaguzi mkuu wa 1995 Katiba ilimtaka Rais apate zaidi ya nusu ya kura halali. Mwaka 2000 sharti hilo likaondolewa, na sasa Ibara ya 41 inamtangaza yeyote aliyepata kura nyingi kuliko mwingine. Wagombea wakiwa kumi, asilimia 20 inaweza kutosha kuingia Ikulu ya Chamwino. Naona tulikosea sana.

Majirani zetu Zambia walipita njia hiyohiyo. Waliondoa sharti la nusu mwaka 1996, na mwaka 2001 Levy Mwanawasa akawa Rais kwa asilimia 29 tu. Watu saba kati ya kumi walimtaka mwingine, ila hawakukubaliana nani. Mwaka 2016 wakalirudisha. Malawi mahakama ndiyo iliyosema, Februari 2020, kwamba wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Tazama kilichofuata: Lazarus Chakwera na Saulos Chilima, waliogombea kila mtu kivyake 2019, wakaungana na kushinda uchaguzi wa marudio kwa karibu asilimia 59. Kanuni iliwalazimisha kuzungumza kabla ya uchaguzi badala ya kulaumiana baada yake.

Kanuni ya mwenye nyingi inaharibu pia kitu kidogo kisichoonekana kwenye matokeo. Mtaani kwetu kila uchaguzi nasikia, "Huyo ni mzuri, lakini usipoteze kura." Mtu anamwacha anayemwamini, anampa anayemvumilia. Kisha tunahesabu na kusema huyo ndiye aliyependwa.

Wanaopinga wanataja gharama ya duru ya pili. Ni hoja ya kweli. Kumrudisha mama wa Chemba kituoni mara mbili si jambo dogo. Lakini Kenya wana sharti la nusu katika Katiba yao ya 2010, na hadi sasa hawajaingia duru ya pili (marudio ya 2017 yalitokana na Mahakama ya Juu kufuta matokeo). Na ipo njia ya safari moja: Sri Lanka mpiga kura anaandika chaguo la kwanza, la pili na la tatu kwenye karatasi ileile. Mwaka 2024 hakuna aliyefika nusu, wakahesabu machaguo yaliyofuata, wakapata Rais bila kumwita mtu tena.

Mwaka 2014 tulikaribia. Hapa hapa Dodoma, Rais Kikwete, yuleyule ambaye sharti la nusu lilimnyima ugombea 1995, alikutana na viongozi wa vyama wakakubaliana kwamba mshindi wa urais apate zaidi ya asilimia 50. Katiba Inayopendekezwa nayo ililiweka. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na makubaliano yale hayakuwahi kuwa sheria. Hili halihitaji kusubiri Katiba nzima mpya. Ni kifungu kidogo cha Ibara ya 41, na Bunge linalokaa hapa mjini lina mamlaka ya kukirekebisha.