Mama mdogo haogopi simu, anaogopa benki

Kila nikisikia wakubwa wa benki wakisema wateja wa Mwanza hawatumii huduma za mtandaoni kwa sababu "elimu bado", nacheka. Mama mdogo wangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Mnunuzi wa Kongo au Burundi akimwambia ameshatuma, haachii gunia. Anabonyeza nyota mia moja hamsini, anafungua salio, analisoma mara mbili, ndipo anawaita vijana wapakie. Kwake meseji si hela, maana za kughushi zimejaa. Huyo ndiye wa kupelekewa semina?

Huku Sweden ninakoishi, benki zenyewe ziliungana kuanzisha Swish mwaka 2012. Unamtumia mwenzako kwa namba ya simu, inaingia papo hapo, na kwa kawaida mtu na mtu hawakatwi kitu. Matawi mengi siku hizi hata noti hayapokei, kwa hiyo Waswidi kujiunga na Swish nako si mapenzi matupu kama wanavyojisifu.

Kwetu simu ndiyo iliyotangulia. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, aliyeibeba mabegani ni wakala: jirani mwenye kibanda na daftari, unayemjua hadi kwao. Ukikosea namba unamkimbilia yeye. Kwenye programu ya benki unamkimbilia nani? Mama mdogo aliwahi kulipia mzigo kutoka akaunti yake. Hela ikakatwa, haikufika kwa mwenye dagaa, na huduma kwa wateja wakambembeleza asubiri "saa 72 za kazi". Dagaa hazisubiri. Mzigo ukachukuliwa na mwingine.

Halafu makato. Julai 2021 serikali ilileta tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, juu ya ada za kawaida, na kelele zikawa nyingi hadi ikapunguzwa. Mfanyabiashara mdogo hakusahau. Bado anapiga hesabu: ya kutuma, ya kutoa, na bando juu yake. Akiona noti ni nafuu, anafunga noti kwenye khanga. Hapo hakuna ushamba, ni hesabu.

Benki inayotaka wateja wa Mwaloni iweke dawati palepale sokoni, lenye mtu mwenye mamlaka ya kurudisha hela iliyokwama siku hiyohiyo. Hadi hapo, nikitaka kumtumia mama mdogo kitu, ataendelea kuniambia: "Mwanangu, weka kwenye simu."