Mjamzito asiachishwe unga ghafla
Nyie wa Moshi, kwenye ushauri wenu, hapo mnaposema mjamzito anayetumia heroini aache kwanza kwa nguvu zake, methadoni (dawa ya kunywa inayopewa badala ya heroini) aje aanzishiwe akishajifungua, mmepotosha. Mdogo wangu wa Ngarenaro, Arusha, aliambiwa hivyohivyo mimba ikiwa ya miezi minne. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ikamtesa siku tatu, kutapika, jasho, tumbo kukaza, ya nne akarudi maskani kwenye unga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unataka mjamzito ahimizwe kutumia methadoni au buprenofini (dawa nyingine ya kazi hiyohiyo), sio kuachishwa. Mdogo wangu alipokuja kuanzishiwa methadoni alikunywa kila siku mbele ya mhudumu (nauli ya bodaboda nayo ilikuwa arosto nyingine), na mimba ilipokua dozi ikapandishwa kwa sababu mwili wa mjamzito huimaliza dawa haraka. Ndiyo, mtoto alizaliwa na arosto, akitetemeka na kulialia, lakini hilo linatibika. Aliangaliwa wodini, akanyonya kwa mama yake, akatulia. Majirani bado wanamwita teja. Nyie wa Moshi, mjamzito wa huko anaifuata wapi dozi ya kila siku?