Bibi Hakuwa Pikipiki

Najua mmeshaiona. Ile video ya sekunde 24 ya gemu yetu aliyoirusha mshirika wangu juzi usiku, akaandika juu yake "Fundi wetu akitetea heshima ya bibi", nanyi mkamwaga emoji za kulia kwa kicheko mpaka simu yangu ikapata moto. Sasa tulieni niwasimulie mwenye mali, maana huyo mshirika kakata vipande viwili vitatu vya maneno yangu ili nionekane chizi kuliko nilivyokuwa.

Kwanza, si kweli kwamba nilimwambia yule jamaa aliyekuwa akiicheza gemu yetu laivu mtandaoni "huna moyo". Nilimwandikia "mchezo huu unahitaji moyo". Hayo ni mambo mawili tofauti na nitakufa nikisema hivyo.

Haya. Mnakumbuka nilivyopotea mwishoni mwa wiki ile, nikawa sijibu meseji? Lilikuwa shindano la kutengeneza gemu kwa saa 48. Mada mnapewa saa ileile ya kuanza, hulali, unapakia kitu kilichogandishwa kwa mate, halafu wiki nzima washiriki mnachezeana gemu na kupeana nyota kwenye vipengele: picha, sauti, ubunifu, ucheshi, hisia na vinginevyo. Usipofikisha kura 20 huorodheshwi kabisa, kwa hiyo unazunguka kuomba watu wacheze kama mgombea aliyeishiwa fulana.

Sisi tulitengeneza gemu ya kuliza watu. Narudia: ya KULIZA. Bibi kizee, usiku, mkongojo mkono mmoja, chemli mkono wa pili, anakwenda kuwasha taa kwenye kaburi la mumewe. Hakuna adui wala pointi. Unabonyeza mshale wa kulia, bibi anatembea, basi. Dakika nne. Kila baada ya sekunde 20 inajitokeza sentensi moja ya maisha yao, kisha inafifia. Mshirika alitunga muziki wa majonzi, na ile miguno ya bibi aliirekodi mwenyewe, amejifungia ndani ya kabati la nguo ili sauti isirudi mwangwi. Kila hatua, mguno mmoja: "mmh". Kwenye laptopu yangu ilikuwa hatua moja kwa sekunde. Mmh. Kimya. Mmh. Kimya. Nilipoicheza yote alfajiri ya siku ya pili nililia. Usingizi ulichangia, sikatai, lakini machozi ni machozi.

Matokeo yakatoka. Kwenye hisia, gemu yetu ilikuwa ya 287. Walioorodheshwa walikuwa mia tatu na ushee.

Kwenye ucheshi tulikuwa wa 11.

Naomba mkae na hizo namba mbili kidogo. Mjane anakwenda kaburini, watu wamepima, wameona ni kichekesho.

Wiki nzima nilikuwa nimejizuia kujibu maoni ya watu. Usiku ule breki zilikatika. Nilikaa kitako nikajibu moja baada ya jingine, na kwa kuwa mshirika ameshapiga picha za skrini, acha niyaweke mwenyewe:

Mmoja aliuliza kwa adabu kabisa, "Bibi ana haraka sana. Kuna namna ya kupunguza kasi?" Nikamjibu, "Haraka haraka haina baraka. Cheza kwa utulivu."

Mwingine, "Sikuwahi kusoma maandishi, nikajikuta nimefika mwisho." Nikamjibu, "Maandishi ni ya wanaosoma."

Wa tatu ndiye aliyenimaliza: "Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Ile sauti ya pikipiki ni ubunifu wa hali ya juu, hongera." Nikamjibu kwa herufi kubwa: "HAKUNA PIKIPIKI KWENYE MCHEZO HUU."

Na msinihukumu haraka, kwa sababu kulikuwa na wengine walioandika kwamba bibi anakwenda mwendo mzuri tu, eti ni bibi mkakamavu. Wawili wanasema anakimbia, wengine wanasema mkakamavu, mmoja anasikia pikipiki. Ungefikiri nini? Mimi nilifikiri wivu. (Mshirika anadai yeye aliniambia tangu saa ya 31 kwamba kwake bibi anakimbia, nikamjibu hiyo ni kompyuta yake. Mimi sikumbuki. Ujumbe upo, nimeoneshwa, una jina langu na saa yake, na bado sikumbuki.)

Kesho yake jioni ndipo yule jamaa, ambaye jina lake silitaji maana hana kosa hata chembe, alikuwa laivu anapitia gemu 15 bora za ucheshi. Mshirika akanitumia kiungo. Nikaingia na akaunti yangu halisi, yenye jina langu na picha yangu nimevaa tai.

Sasa hapa twende polepole.

Gemu yetu inafunguka. Usiku, mwezi, nyumba ndogo, bibi mlangoni na chemli yake. Muziki unaanza, ule wa majonzi. Jamaa ananyamaza. Watazamaji wananyamaza. Nikajisemea, hapo sasa, mtu mwenye akili zake kapatikana.

Akabonyeza mshale wa kulia.

Bibi aliondoka pale mlangoni kama aliyeambiwa nyumba inaungua. Skrini yote, pikseli 640, ambayo kwangu huchukua zaidi ya sekunde 13, aliimaliza kwa sekunde moja na kidogo. Mkongojo ulikuwa hauonekani, ni ukungu tu. Na ile miguno. Jamani ile miguno. "Mmh" kumi ndani ya sekunde moja, hazina nafasi hata ya kupumua katikati: mmhmmhmmhmmhmmh. Ilikuwa pikipiki. Nilifumba macho, nikasikiliza upya kwa haki, ilikuwa pikipiki inayopanda mlima na gia ndogo. Juu ya yote hayo muziki unaendelea na majonzi yake taratibu, ndio pekee uliokuwa na adabu mle ndani.

Sentensi ya kwanza ikajitokeza: "Walikutana wakati wa masika." Kabla ya ya pili kusomeka, bibi keshafika kaburini. Yaani ndoa ya miaka arobaini niliyoiandika kwa sentensi 12, yote ikawa ni kwamba walikutana wakati wa masika, kaburi. Mtazamaji mmoja akaandika, "Kwa hiyo alimuua?" Mwingine akajibu, "Kwa kasi ile, labda alimgonga."

Na pale kaburini bibi anapaswa kupiga magoti na kupumua. Mabega yanapanda, yanashuka, pumzi ndefu ya sekunde mbili, nilichora mwenyewe saa tisa usiku. Sasa mabega yalipanda na kushuka mara tano kwa sekunde. Mjane alikuwa anatetemeka juu ya kaburi la mumewe kama simu iliyosahauliwa mezani.

Jamaa alikuwa ameinamia kibodi, mabega yake nayo yanakwenda hivyohivyo.

Hapo mtu mwenye busara hufunga laptopu akaenda kuoga. Mimi nikaandika: "Usishikilie kitufe. Gusa kidogo kidogo."

Akasoma kwa sauti. Akasema, "Sawa bosi," akaanza upya, akagusa. Kila akigusa, bibi anaruka hatua nzima na kuguna. Mmh. Mmh-mmh. Mmh. Ndani ya nusu dakika alikuwa amegundua kwamba anaweza kupiga ngoma kwa bibi. Watazamaji wakaanza kumwagiza mapigo.

Ndipo nikaandika aya nzima. Hii ndiyo mshirika aliyoikata, na nashukuru aliikata, lakini kwa kuwa nimeanza basi nimalize: "Mimi ndiye mtengenezaji. Mchezo huu unahitaji moyo. Bibi anatembea kwa kasi ya mtu mwenye huzuni. Kama kwako anakimbia, kagua kibodi yako. Na kwa taarifa yenu, hata Space Invaders ya 1978, kasi ya wale wavamizi ilitokana na uwezo wa mashine: kadiri unavyowapiga, kompyuta ina wachache wa kuchora, waliobaki wanaongeza mwendo. Hakuna aliyelalamika. Ikawa historia."

Nilikuwa najivunia sana kile kipande cha historia. Ni cha kweli pia, mnaweza kukitafuta.

Jamaa akakisoma mpaka mwisho. Akatulia. Akarudia maneno yangu mwenyewe, polepole, kama daktari anayesoma cheti: "Kasi... ilitokana na uwezo wa mashine."

Akafungua kihesabu fremu pembeni ya skrini, kile kinachoonesha kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde. Kikasoma 240.

Akauliza, "Bosi, kompyuta yako wewe inatoa fremu ngapi kwa sekunde?"

Nami, kwa fahari, jamani kwa FAHARI, nikaandika: "24. Kama sinema."

Kimya. Nadhani kilikuwa cha sekunde nne. Kwangu ilitosha bibi kwenda na kurudi. Nikaona kimya kile kinahitaji maelezo, nikaongeza: "Ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Nikichomoa, 19."

Hapo tumbo langu lilijua kabla ya kichwa. Kwenye msimbo, yale maagizo yanayoendesha gemu, nilimwambia bibi asogee pikseli 2 kila fremu. Si kila sekunde. Kila fremu. Kwenye laptopu yangu ya marehemu mtarajiwa, fremu 24 zikawa pikseli 48 kwa sekunde, mwendo wa kizee. Kwenye mashine yake fremu 240 zikawa pikseli 480. Mara kumi kamili. Wenye skrini za kawaida za 60 walimwona bibi anayekimbia mvua, ndio hao wa "mkakamavu". Sentensi zangu zilifuata saa ya kweli, kwa hiyo zilibaki nyuma zinamwita. Dakika zangu nne zikawa sekunde 24, na ndiyo maana ile video ina urefu ule. Mshirika hakukata kitu pale. Ile ndiyo gemu nzima.

Jamaa akauliza kwa upole, "Ulizidisha kwa delta?"

Kwa msiotengeneza gemu: delta ni muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Injini, yaani programu ya kujengea gemu, inakuletea mkononi, bure, kila fremu, ili uzidishe mwendo wako kwa huo muda na bibi awe bibi kwenye kila kompyuta. Natumia Godot. Ukiipokea delta usiitumie, Godot inakuwekea onyo la manjano kwamba umepewa kitu hukitumii, na kama ni makusudi basi weka mstari wa chini mbele ya jina lake. Mimi saa tisa usiku nililiona lile onyo. Lilinikera, rangi yake haikuendana na huzuni niliyokuwa nayo. Nikaweka mstari wa chini. Onyo likaondoka. Nakumbuka nilivyojisikia safi baada ya hapo.

Mngenishauri nini? Ningeweza kudanganya. Nikaandika: "Niliiwekea mstari wa chini."

Vifaa vya masikioni vilimwanguka. Akatoka kwenye kiti, tukabaki tunatazama kiti kitupu, bibi akitetemeka kaburini pembeni.

Alivyorudi akawa muungwana, na hapa ndipo paliponiuma kuliko pote. Alisema, "Acha tumpe haki yake." Akaibana mashine yake mpaka fremu 24, akaanza upya. Bibi akatoka mlangoni taratibu. Mmh. Kimya. Mmh. Kimya. Sentensi ya kwanza ikasomeka yote, ikafifia vizuri. Mimi huku nimeshika mdomo kwa mikono miwili. Sentensi ya pili. Kama dakika moja ikapita. Jamaa akajinyoosha, akatazama pembeni, halafu yeye mwenyewe, bila kujua, akaguna.

"Mmh."

Sawasawa kabisa na bibi.

Akasema, "Bosi, usinielewe vibaya. Mwanzo mzuri. Ila unanifanya nibonyeze kitufe kimoja dakika nne, na sijui kwa nini nimjali huyu mzee." Watazamaji wote wakaandika neno moja: pikipiki. Akarudisha 240.

Mengine mafupi. Nilitoka laivu bila kuaga. Nimewaomba radhi watu 11 mmoja mmoja, yule wa pikipiki alikubali haraka kuliko wote. Ule mstari mmoja nimeurekebisha, ilichukua dakika mbili pamoja na kulaani. Sentensi nazo nimezipunguza kutoka 12 hadi tano na njia nimeifupisha, kwa sababu yule jamaa alikuwa na haki na mimi nina kiburi lakini si kipofu. Mshirika ameuweka mlio wa bibi kwenye simu yake, kwa hiyo kila nikimpigia, ni bibi anayeguna. Hatuongei sana kwa sasa, tunaandikiana.

Jana usiku nimepakia toleo jipya. Asubuhi nimekuta maoni mamoja tu: "Lile la zamani lilikuwa bora. Rudisha pikipiki."

Niliandika aya tatu. Nikazifuta. Nikaandika moja, yenye Space Invaders ndani yake. Nikaifuta. Nimeandika, "Asante kwa maoni," nikachomoa laptopu kwenye umeme nisije nikaongeza kitu.