Mzee Hakujiandikia Mkataba

Jumamosi nilikwenda kunyolewa nikatoka kichwa kinachemka. Kinyozi wetu hapa St. Louis ni Mkongo wa Bukavu, na runinga yake haizimwi. Mchana ule ilikuwa besiboli. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja kuchongwa ndevu akaropoka: "Wazee hawa wezi tu. Pujols si alikula milioni 240 za Angels kalala?" Pujols alikuwa mpigaji aliyeng'ara na Cardinals, klabu yetu ya hapa St. Louis, kabla ya kuhamia Angels, klabu ya California. Duka zima likacheka. Mimi nilikuwa na wembe kisogoni, hata kutikisa kichwa sikuthubutu. Basi namjibu hapa.

Kijana wangu, siku hiyo ya wizi kalamu ilishikwa na nani? Desemba 2011 Albert Pujols alikuwa anaingia miaka 32 mwezi unaofuata. Angels wakampa miaka kumi. 32 na kumi, hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Walijua watakuwa wanamlipa mtu wa miaka 41 mwenye miguu iliyochoka, wakatia saini wakitabasamu mbele ya kamera. Miguu ilipochoka kweli, ghafla mzee ndiye tapeli.

Na mbona hatuulizi alipokuwa kijana alilipwa nini? Mwaka 2001, msimu wake wa kwanza na Cardinals, alipiga homurani 37, yaani mipira inayovuka uzio wa uwanja, akaingiza pointi 130. Mshahara: dola 200,000, kima cha chini cha ligi. Ndivyo mchezo huu ulivyopangwa: mpaka utimize misimu sita, klabu ndiyo yenye wewe. Haya, 2004 akapewa milioni 100 kwa miaka saba, hakulala njaa, nakubali. Lakini alikuwa bora kuliko wote, akabeba tuzo ya mchezaji bora 2005, 2008 na 2009, na mwishoni anapata milioni 16 kwa mwaka huku nyota mwenzake Alex Rodriguez akivuta zaidi ya milioni 30. Wakati huo mbona hakuna aliyepiga kelele kwamba klabu inaiba? Kwangu mimi, zile za Angels zilikuwa malimbikizo. Walizilipa watu wengine tu.

(Mnaotaka kucheka mkataba, mchekeni wa Bobby Bonilla. Kila tarehe 1 Julai klabu ya Mets ya New York inamtumia dola milioni 1.19, mpaka 2035. Na msimu wake wa mwisho ulikuwa 2001, hapahapa Cardinals, benchi moja na yule kijana wa laki mbili.)

Haya, alishuka, sibishi. Alikuwa mzito hadi inauma kumtazama akikimbilia besi ya kwanza, na hakuna aliyewahi kumzidi kwa kupiga mpira unaowatoa wawili kwa mpigo, yeye na mwenzake. Cardinals nao walikuwa na akili kutopanda dau: kwa nafasi ya kuchagua chipukizi waliyofidiwa wakamchukua mrushaji Michael Wacha, na 2013 wakafika fainali. Lakini Angels, kuwa na nyota Mike Trout na miaka kumi yote ya Pujols, mkaingia mtoano mara moja tu, 2014, mkachapwa tatu bila na Kansas City? Wale warushaji wenu wabovu, aliwasajili Pujols?

Mei 2021 wakamtema, mkataba umebakiza miezi. Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini: 2022 akarejea St. Louis kwa milioni 2.5, akapiga homurani 24, akafunga hesabu ya maisha yake na homurani 703.

Ila mimi niligeuka kuwa upande wake kabla ya hapo, Juni 2019. Wenzangu wa zamu ya usiku walinikokota Busch, uwanja wa Cardinals, kumwona akija na jezi ya Angels. Besiboli yenyewe nilikuwa siijui, naona watu wanatafuna mbegu za alizeti na kutema, basi. Jumamosi hiyo akapiga homurani, dhidi yetu. Nikangoja matusi, maana mimi nimekulia kwenye viwanja ambako ukihama timu ukirudi unazomewa mpaka mama yako anatajwa. Uwanja mzima ukasimama. Wakapiga makofi mpaka akatoka tena benchini akavua kofia. Mzee wa kiti cha mbele yangu, jezi yake namba 5 imepauka hadi ya rangi ya waridi, analia waziwazi. Nikamuuliza, "Si yuko upande wa pili?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anasalimia wazazi wake.