Hizi prompti zinasaidia kweli kusoma na kupata kazi?

Kwenye magrupu ya WhatsApp siku hizi kuna watu wanauza PDF za prompti, yaani maneno ya kuiandikia programu ya akili bandia kama ChatGPT ili ikujibu, mia moja za kupata kazi, mia mbili za kufaulu mtihani, unalipia elfu chache unatumiwa. Upande wa pili kuna walimu na mabosi wanasema kijana anayeuliza ChatGPT kila kitu anajilemaza akili. Mdogo wangu anasoma uhasibu huku anatafuta kazi, nimekaa naye miezi kadhaa kwenye haya mambo, na naona pande zote zina ukweli ila hazina uzito sawa.

Kwamba maneno yako yanabadilisha jibu, hilo halina ubishi, limepimwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Google waliongeza sentensi moja tu kwenye maswali ya hesabu, ya kuiambia modeli, yaani hiyo akili bandia yenyewe, ifikiri hatua kwa hatua, na kwenye seti moja ya maswali usahihi ukapanda toka 17.7% hadi 78.7%. Ila modeli nyingi za sasa zinapita hizo hatua zenyewe bila kuambiwa, kwa hiyo PDF iliyojaa maneno ya namna hiyo imeshapitwa na wakati, hela yako imeenda bure.

Kinachobaki na thamani ni habari zako mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa anaandika "niandikie barua ya kuomba kazi ya uhasibu", anapewa barua tamu ambayo mtu yeyote wa nchi yoyote angeweza kuituma. Nikamwambia hebu ieleze ulichofanya. Akaandika kwamba amekaa miaka miwili kwenye kibanda cha wakala, kila jioni anafunga hesabu ya floti na keshi, na kuna siku keshi ilipungua 40,000 akapekua daftari hadi akakuta mteja aliyeweka pesa kaandikwa mara mbili. Barua ikabadilika kabisa, kwa sababu sasa ilikuwa na mtu ndani.

Kwenye kusoma ndo nimeona faida kubwa zaidi. Aliandika hivi: "Usinipe jibu, niulize swali moja moja, nikikosea nioneshe nilipokosea." Ikampa swali la bidhaa iliyouzwa 118,000 VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ikiwa ndani, yeye akapiga 18% ya 118,000 akapata 21,240. Ikamuuliza, hiyo 118,000 ni bei kabla ya kodi au baada? Alinyamaza kidogo, akagawanya kwa 1.18, akapata 100,000, kodi ni 18,000. Angeomba jibu tu angelinakili na kosa lingebaki kichwani hadi siku ya mtihani, na hapo wale walimu wangekuwa sahihi kabisa kulalamika.

Sasa upande unaonitia wasiwasi. Siku nyingine alisahau kutaja Tanzania, ikamfanyia hesabu nzima kwa 16%, ambayo ni VAT ya Kenya, na iliandika kwa kujiamini vilevile. Aliligundua kwa sababu kiwango chetu cha kawaida, ile 18%, anakijua. Asiyekijua je? Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizitunga, na hao ni wasomi wa fani yao. Kwa hiyo prompti nzuri inamsaidia sana mwenye msingi kidogo, na asiye na msingi kabisa inaweza kumpoteza huku anaona anaelewa.

Halafu inasifia mno. Tulipofanya mazoezi ya usaili kila jibu lake lilikuwa zuri sana, hadi alipoiambia itaje udhaifu mmoja kwanza kabla ya kusema lolote jema, ndo ikamwambia kwamba kwenye swali la kwa nini unataka kazi hii ameongea dakika nzima bila kuitaja kazi yenyewe. Hilo jibu ameliandika upya mara nne, na la nne amelisema kwa mdomo mbele yangu, simu ikiwa imezimwa.