Tulikimbia Kwa Sababu Mipira Haikuwepo

Katika chuo cha ualimu nilichosoma kati ya mwaka 1998 na 2000, huko kanda ya kati, timu yetu ya mpira wa miguu ilikuwa na wachezaji 28 na mipira miwili, na katika hiyo miwili mmoja ulikuwa haukai na upepo. Naanza na hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu kila ninapowasikia watu wa rika langu wakiwasifu makocha wa zamani kwa ukali wao na kulalamika kwamba vijana wa siku hizi wamedekezwa, huwa najiuliza kama kweli tunakumbuka kilichokuwa kikifanyika kiwanjani saa kumi na nusu jioni. Maoni yangu, ambayo najua yatawaudhi baadhi ya niliocheza nao, ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita nidhamu ya mazoezi ulikuwa ni uhaba wa vifaa uliovishwa magwanda.

Kocha wetu wa kwanza tulimwita Afande, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa mkufunzi wa hisabati aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na alichokikuta huko alikuja nacho kiwanjani bila kukipunguza hata kidogo. Tulianza kwa mchakamchaka kutoka bwenini hadi barabara kuu na kurudi, tukiimba, kisha tukakizunguka kiwanja mara kumi, kisha tukaruka kichura kutoka goli moja hadi jingine, na aliyechelewa mstarini aliongezewa pushapu ishirini. Dumu la maji la lita 20 lilikaa chini ya mbuyu tukiliona, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuligusa mpaka filimbi ya mwisho, kwa kuwa Afande aliamini kwamba maji yanalegeza miguu. Alipenda kutuhadithia Taifa Stars ya mwaka 1980, iliyokwenda Lagos kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, na kila mara hadithi hiyo iliishia kwenye neno moja: pumzi. Wale walikuwa na pumzi. Ninyi hamna pumzi.

Mpira wenyewe ulitoka ofisini jua likiwa limeshaanza kuzama. Kanuni ya pili ya soka inataka mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza, na sidhani kama wetu ungepita hata kwenye mizani ya muuza karanga. Kiwanja kilipakana na migunga, na mwiba wa mgunga hauna huruma na kibofu cha mpira. Kila wiki mmoja wetu alitumwa kwa fundi viatu wa pale sokoni, ambaye aliufumua mshono kwa sindano ya kushonea makobazi, akautoa utumbo wa mpira, akauzamisha kwenye beseni la maji kutafuta mapovu, akabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli na kuushona tena kwa uzi wa nailoni. Ulirudi ukiwa na uvimbe upande mmoja. Ukiupiga pasi ya chini ulikwenda upogo, na mabeki wetu walijifunza kuusoma ule uvimbe kama mtu anavyoisoma tabia ya ng'ombe wake mwenyewe. Tulipokwenda kucheza ugenini na kupewa mpira mzuri, ulitupita.

Imani hiyo ya kunyimana maji haikuwa yetu peke yetu. Huko Marekani, ambako mpira wao wa vyuoni ni ule wa kubeba mikononi na kuvaa kofia ngumu, kocha Bear Bryant aliwapeleka wachezaji wa Chuo Kikuu cha Texas A&M katika mji mdogo wa Junction mwezi Septemba mwaka 1954, akawafanyisha mazoezi kwa siku 10 katika ukame na joto kali bila mapumziko ya maji. Wengi walitoroka au kujitoa kabla ya kambi kwisha, na mmoja alizidiwa na joto nusura afe. Msimu huo timu ilishinda mchezo mmoja na kufungwa tisa. Miaka miwili baadaye ilimaliza msimu bila kufungwa, na tangu hapo kambi ile imekuwa ikisimuliwa kama chimbuko la ushindi, ilhali yale matokeo ya kwanza hutajwa kwa haraka au hayatajwi kabisa. Naitaja kwa sababu ndivyo tunavyofanya na sisi: anayesimulia ni yule aliyebaki. Mwenzetu mmoja, winga mwenye chenga kuliko sote, aliacha mazoezi wiki ya tatu baada ya kuanguka karibu na kibendera cha kona, na sijawahi kumsikia mtu akimwomba maoni yake kuhusu makocha wa zamani.

Mwaka wa pili alikuja mkufunzi mwingine, kijana, aliyesomea michezo katika chuo cha Malya. Siku ya kwanza alikaa chini ya mbuyu na daftari, akatuacha tufanye kama tulivyozoea, na tulipomaliza akatusomea alichokiandika. Beki wetu namba tatu alikuwa ameugusa mpira mara 11 katika saa moja na nusu. Mimi, niliyejiona kiungo tegemeo, mara 19. Hakusema neno la kejeli, alifunga daftari tu na kuuliza kama kuna mtu kati yetu anayejua kupika chapati kwa kukimbia kulizunguka jiko.

Alichofanya baada ya hapo hakikuhitaji fedha nyingi. Alinunua kwa pesa yake mipira sita ya plastiki, ile ya kuchezea watoto, akatugawa katika makundi ya watu watano watano. Wanne wanasimama duara wakipasiana na mmoja katikati anautafuta. Dumu la maji likasogezwa mstarini. Jambo ninalolikumbuka zaidi, hata hivyo, ni maswali yake. Alipuliza filimbi katikati ya mchezo, kila mtu akasimama alipo, akanijia taratibu na kuniuliza, "Kabla mpira haujakufikia, nyuma yako alikuwepo nani?" Sikujua. Nilikuwa nimeutazama mpira tu, kama tulivyofundishwa tangu shule ya msingi. Akaniambia nigeuze shingo mara mbili kabla ya kila pasi inayonijia, mara moja kulia na mara moja kushoto, na kwa wiki nzima wenzangu walinicheka wakidai nimepata ugonjwa wa kifafa cha kuku.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba baada ya hapo tulichukua kombe. Hatukuchukua. Chini ya Afande tulitolewa katika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya kanda kwa bao la dakika za mwisho, na chini ya huyu wa pili tulitolewa katika hatua hiyo hiyo kwa penati. Tofauti ni kwamba mara ya pili tulipokuwa njiani kurudi, ndani ya lori, tulibishana usiku kucha kuhusu nani alipaswa kumkaba nani, na mara ya kwanza tulikuwa tumelala.

Nilikuja kumwelewa Afande nilipopangiwa shule ya sekondari na kukabidhiwa timu ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Nilipewa mpira mmoja kwa muhula na wanafunzi wapatao arobaini, wote wananitazama. Ndani ya wiki moja nilijisikia nikipaza sauti, "Kizungukeni kiwanja mara kumi!" na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Mtu mwenye mpira mmoja na vijana arobaini anaweza kuwapa kitu kimoja tu kinachowafikia wote kwa usawa, nacho ni mbio. Na kwa kuwa hakuna mwalimu anayependa kukiri mbele ya wanafunzi kwamba ghala ni tupu, mbio zinaitwa ujenzi wa tabia. Simlaumu tena. Kuhusu maji bado namlaumu, kwa kuwa maji yalikuwepo.

Nisichokielewa ni haya ya sasa. Mwezi uliopita nilimpeleka mpwa wangu katika kituo kimoja cha kukuza vipaji jijini Dar es Salaam, kituo kinachotoza ada, chenye nyasi bandia na koni za rangi tatu. Watoto wa miaka 11 walikuwa wakikimbia kuzunguka kiwanja, mstari mmoja, mikono kiunoni. Chini ya mwarobaini kulikuwa na mfuko wa wavu wenye mipira mipya niliyoihesabu ikafika 22, na mdomo wa mfuko ulikuwa umefungwa kwa kamba. Nilimsogelea kocha, kijana mpole ambaye huenda hakuwa amezaliwa nilipokuwa chuoni, nikamuuliza mipira inatoka saa ngapi.

"Bado kidogo, mzee wangu," akanijibu. "Kwanza wapate pumzi."